Sepsisi kali kwenye hospitali ya wilaya: mwongozo kamili wa vipimo, matibabu na ufuatiliaji

Tafiti mbili kutoka ukanda wetu zinastahili kubandikwa ukutani kwenye kila wodi ya watu wazima. Ya kwanza ilifanyika Uganda, katika hospitali za Mulago na Masaka, ikachapishwa mwaka 2012. Wagonjwa wenye sepsisi kali, yaani maambukizi yaliyokwisha kuathiri viungo vya mwili, walipangiwa mhudumu wa kuwaangalia kwa karibu saa 6 za mwanzo: anapima, anaongeza dripu, anahakikisha antibayotiki imeingia. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa 33.0%, ilhali kundi lililotangulia, lililotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, lilipoteza 45.7%. Ya pili ilifanyika Lusaka, Zambia, ikatoka mwaka 2017. Wagonjwa wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa maji mengi kwa haraka na, ilipohitajika, dawa za kupandisha presha. La pili lilitibiwa kwa kawaida ya wodi. Katika kundi la maji mengi walifariki 48.1%, katika kundi la kawaida 33.0%.

Zinaonekana kupingana. Utafiti wa Zambia una uzito zaidi kwa sababu ya ule mgawanyo wa bahati nasibu, na fundisho lake ni kwamba maji ni dawa inayoweza kuua. Wa Uganda nao unanifundisha kwamba mtu anayerudi kitandani ana thamani ambayo dripu peke yake haina. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo mawili. Kila namba utakayopima hapa chini ina kazi moja: kukuambia ufanye nini sasa, na lini urudi kupima tena.

Nimewaandikia matabibu, madaktari na wauguzi wa hospitali zenye maabara ya kawaida, zisizo na mashine za kupumulia. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima isipokuwa nimesema vinginevyo, na mwongozo wa taifa lako ndio unaotangulia.

Hatua ya kwanza: tambua kabla maabara haijasema

Tangu mwaka 2016 wataalamu wanaitambua sepsisi kama maambukizi yaliyosababisha kiungo kimoja au zaidi kushindwa kufanya kazi yake, kwa sababu mwili wenyewe umejibu maambukizi hayo vibaya. Kwa maana hiyo kila sepsisi ni kali, ingawa mafaili mengi bado yanaandika "sepsisi kali" kwa maana ya zamani ya maambukizi pamoja na kiungo kilichoathirika. Homa si sharti. Mzee, mtoto mchanga na mtu mwenye kinga ya chini wanaweza kuja wakiwa baridi, na joto la chini ya nyuzi 36 ni ishara mbaya kuliko nyuzi 39.

Pima mambo matatu kwanza: pumzi kwa dakika nzima, presha, na ufahamu. Pumzi 22 au zaidi kwa dakika, presha ya juu (namba ya kwanza ya kipimo) ikiwa 100 au chini yake, na ufahamu uliobadilika: ukipata mawili kati ya hayo, mgonjwa yuko hatarini. Kipimo hicho cha haraka kikiwa sawa kisikupe usingizi, kwa maana huwakosa wengi. Kwa wodi zetu napendelea alama za UVA (Universal Vital Assessment), zilizotengenezwa kwa takwimu za wagonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Joto chini ya 36 lina alama 2, mapigo 120 au zaidi alama 1, pumzi 30 au zaidi alama 1, presha ya juu chini ya 90 alama 1, oksijeni chini ya 92% alama 2, ufahamu usio kamili alama 4, na VVU alama 2. Jumla ikizidi 4, huyo ni mgonjwa wa kulazwa karibu na meza ya muuguzi.

Ufahamu ndio unaopimwa vibaya kuliko vyote, kwa sababu sisi hatumjui mgonjwa alivyokuwa jana. Anayemjua amekaa pembeni ya kitanda na kikapu chake. Muulize:

"Shikamoo mama. Baba huwa anaongea hivi siku zote?"

"Marahaba mwanangu. Hapana. Jana mchana alikuwa ananihesabia hela za duka. Tangu usiku ananiita kwa jina la dada yake."

Jibu hilo lina alama 4, na halikuhitaji hata pamba. Liandike kwenye faili kama lilivyosemwa, pamoja na saa.

Kisha shika mikono na magoti. Jaribu kurudi kwa damu kwenye kidole: bonyeza pedi ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia hadi iwe nyeupe, shikilia kwa sekunde 10, achia, kisha hesabu hadi rangi irudi. Zaidi ya sekunde 3 si kawaida. Fanya hivyo penye mwanga, na mgonjwa asiwe ametoka kwenye baridi. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, uliochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa 424, ulilinganisha matibabu yaliyoongozwa na kidole hiki na yale yaliyoongozwa na lakteti, kipimo cha damu kinachopanda tishu zinapokosa oksijeni. Vifo vilikuwa 34.9% kwa kidole na 43.4% kwa lakteti. Tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kusema kidole ni bora, lakini inatosha kumpa moyo anayefanya kazi mahali ambapo kipimo cha lakteti hakipo.

Hatua ya pili: chukua sampuli kwa mpangilio

Sukari kwanza, palepale kitandani. Ikiwa imeshuka, mpe dextrose kabla ya kuendelea na jambo lingine lolote: mililita 250 za asilimia 10 kwa mtu mzima, mililita 5 kwa kilo kwa mtoto. Baada yake kipimo cha haraka cha malaria, VVU kama hali haijulikani, na kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kipimo cha mimba.

Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya antibayotiki, kwa sharti isiicheleweshe. Safisha ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti, subiri ikauke yenyewe, na usiiguse tena. Futa pia kifuniko cha chupa, kwa sababu vumbi la stoo hukaa hapo. Jaza mililita 8 hadi 10 kwenye kila chupa ya mtu mzima, na ukiweza chukua seti mbili kutoka mikono miwili tofauti. Chupa yenye mililita 3 mara nyingi huleta jibu la "hakuna kimelea" lisilo na maana yoyote. Hospitali yako ikiwa haioteshi, uliza kama kuna utaratibu wa kupeleka sampuli kwenye hospitali ya mkoa au ya kanda.

Damu ya lakteti huharibika kwa urahisi. Legeza kamba ya mkono kabla ya kuvuta na usimwambie mgonjwa akunje ngumi. Tumia chupa yenye kifuniko cha kijivu, iweke kwenye barafu, na ifike maabara ndani ya nusu saa. Chembe nyekundu huendelea kula sukari na kutoa lakteti hata zikiwa ndani ya chupa, kwa hiyo sampuli iliyosahauliwa dirishani itakupa mgonjwa mahututi asiyekuwepo.

Maliza na picha kamili ya damu, kriatinini, bilirubini na mkojo. Mwenye VVU ongeza kipimo cha LAM cha mkojo kwa ajili ya kifua kikuu, na antijeni ya kriptokoka (aina ya fangasi) ikiwa kinga yake iko chini.

Hatua ya tatu: zisome namba bila kuziabudu

Mapitio ya mwaka 2020 yalihesabu viashiria 258 vya damu vilivyowahi kuchunguzwa kwa sepsisi. Hakuna hata kimoja kinachoweza peke yake kuthibitisha ugonjwa au kuukanusha. Vichache vinatosha, ukivifahamu tabia zake.

Lakteti hupanda pale tishu zinapokosa oksijeni, na pia pale homoni za msongo zinapousukuma mwili uchome sukari haraka kupita kiasi. Juu ya milimoli 2 kwa lita ni onyo. 4 na kuendelea ni hatari hata kama presha bado inaonekana nzuri. Na ndipo wengi hudanganyika: kijana mwenye nguvu hubana mishipa yake, presha inasomeka 110, huku lakteti ikiwa 5. Mgonjwa anayehitaji dawa ya kushikilia presha, na bado lakteti yake imezidi 2 baada ya maji ya kutosha, ana mshtuko wa sepsisi. Kwenye takwimu zilizotumika kuandaa maana ya mwaka 2016, zaidi ya 40% ya wagonjwa wa namna hiyo walifariki hospitalini. Kumbuka tu kwamba degedege, ugonjwa wa ini, malaria kali, metformini na dripu ya adrenalini navyo huipandisha. Ndiyo maana lakteti ya kwanza peke yake ina mipaka. Irudie baada ya saa 2 hadi 4. Ikishuka kwa moja ya kumi au zaidi, uko njiani. Ikibaki palepale au ikipanda, kuna kitu hakijatatuliwa, na kwa kawaida ni usaha ambao haujatolewa au antibayotiki isiyofaa.

CRP, protini ya damu inayoonyesha uchochezi, hutengenezwa na ini. Huanza kupanda saa 6 hadi 12 baada ya uchochezi kuanza, na kilele chake hufika siku ya pili. Kwa hiyo CRP ndogo kwa mgonjwa aliyeanza kuumwa asubuhi haimwondoi mtu kwenye orodha ya hatari. Prokalsitonini, kiashiria kingine cha damu, huwahi zaidi, saa 3 hadi 6, na baada ya chanzo kudhibitiwa hupungua kwa nusu hivi kila siku. Kwenye maeneo yetu kuna mtego: malaria kali ya falsiparamu hupandisha zote mbili. Prokalsitonini ikiwa juu kwa mtoto mwenye vimelea vya malaria haithibitishi kwamba ana bakteria, na pia haikupi ruhusa ya kumnyima antibayotiki. Miongozo ya kimataifa inashauri isitumike kuamua kuanza dawa. Kazi yake ni kusaidia kuamua kuacha, nami nitairudia huko mbele.

Zilizobaki zinaelezea viungo. Chembe za kugandisha damu chini ya 100 zinaonyesha mfumo wa kuganda umevurugika, na huwa naziogopa zinaposhuka siku mbili mfululizo kuliko zinapokuwa chini mara moja. Kriatinini inaeleza figo, ila kwa mjamzito kiwango cha kawaida ni kidogo, hivyo namba inayoonekana "sawa" kwenye karatasi ya maabara inaweza kuwa mbaya kwake. Chembe nyeupe zikiwa juu ya 12 au chini ya 4 zinaongeza shaka, na zilizo chini mara nyingi hutisha zaidi.

Hatua ya nne: antibayotiki ndani ya saa 1

Mwenye presha ya chini, au ambaye huna shaka kuwa ana sepsisi, apate dozi ya kwanza ndani ya dakika 60. Anayeshukiwa tu, asiye na mshtuko, una hadi saa 3 za kuchunguza kama ni kitu kingine. Uchunguzi wa mwaka 2006 kwa wagonjwa wa mshtuko ulionyesha kwamba kila saa ya kuchelewa iliendana na kupungua kwa nafasi ya kupona kwa wastani wa 7.6%. Dozi ya kwanza itoke kwenye kabati la dharura la wodi. Ndugu asitumwe dirisha la malipo huku muda unakwenda.

Kwa maambukizi yaliyotoka nyumbani, seftriaksoni gramu 2 kwenye mshipa ndiyo njia ya kawaida. Ongeza metronidazoli miligramu 500 chanzo kikiwa tumboni au kwenye nyonga, na jentamisini miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku, kwa mkojo, tumbo au sepsisi ya uzazi, ukiangalia figo kabla ya dozi ya pili. Usiipitishe seftriaksoni kwenye mrija mmoja na RL (maji ya dripu ya Ringer's lactate): RL ina kalsiamu, na viwili hivyo hugandana. Kwa kichanga anayepata kalsiamu kwenye mshipa, usiitumie kabisa.

Mgonjwa aliyelazwa siku za karibuni, au aliyekwisha pigwa sindano za seftriaksoni kwenye duka la dawa, ana uwezekano mkubwa wa kubeba bakteria sugu. Muhimbili, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba kati ya watoto wenye bakteria aina ya gram-hasi kwenye damu, 43.5% walifariki, zaidi ya mara mbili ya 20.2% ya watoto wenye malaria. Kwa wagonjwa wa aina hiyo piga simu mapema hospitali ya rufaa, mjadiliane kuhusu amikasini au meropenemu.

Malaria ikiwepo, artesuneti miligramu 2.4 kwa kilo mwanzoni, saa ya 12 na ya 24, kisha kila siku. Mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo. Kwa mwenye VVU na kinga iliyoshuka, kifua kikuu ndani ya damu ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya sepsisi katika ukanda huu, na seftriaksoni haikigusi. LAM ikisoma ndiyo, anza dawa za kifua kikuu siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: maji, kidogo kidogo

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inapendekeza mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3, na yenyewe inakiri pendekezo hilo ni dhaifu. Kwa hospitali isiyo na mashine ya kupumulia, mimi nafanya hivi: RL mililita 500 kwa dakika 30, halafu nasimama. Nahesabu pumzi, naangalia oksijeni, nasikiliza chini ya mapafu yote mawili, naangalia mshipa wa shingo, narudia kidole. Kama pumzi hazijaongezeka na mikono inaanza kupata joto, mililita 500 nyingine. Pumzi zikiongezeka kwa 5 au oksijeni ikishuka, dripu inafungwa. Mwenye upungufu mkubwa wa damu anahitaji damu, na mwenye malaria kali asiye na presha ya chini hapaswi kumwagiwa maji kwa kasi.

Kwa watoto kanuni ni kali zaidi. Jaribio la FEAST liliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, hospitali ya Teule ya Muheza ikiwemo. Waliomwagiwa maji ya chumvi kwa kasi walifariki 10.5% ndani ya saa 48, wa albumini 10.6%, na wasiomwagiwa 7.3%. Jaribio lilisimamishwa mapema, mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto awe na dalili zote tatu, yaani mikono na miguu ya baridi, kurudi kwa damu zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu ya haraka, ndipo apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60.

Hatua ya sita: presha isiposhika

Lengo ni wastani wa presha wa 65. Chukua namba ya chini ya presha mara mbili, ongeza ya juu, gawanya kwa tatu. Mwenye 90/50 ana 63, bado hajafika. Ikiwa maji hayasaidii au mapafu yameanza kujaa, anza noradrenalini, dawa ya kupandisha presha. Kama haipo, adrenalini. Unaweza kuanzia kwenye mshipa mzuri wa mkono, karibu na kiwiko, kwa muda, huku mtu akiutazama mshipa huo kila nusu saa, kwa sababu dawa ikivuja hula nyama. Dozi ikiendelea kupanda, ongeza haidrokotisoni miligramu 50 kila saa 6. Oksijeni ilenge 92 hadi 96%. Sukari ikifika milimoli 10 kwa lita au zaidi, insulini ianze kwa tahadhari.

Simu ya rufaa ipigwe unapoanza dawa hizi. Usingoje zishindwe.

Hatua ya saba: ondoa chanzo

Hakuna lakteti itakayoshuka kwa heshima ya antibayotiki huku kondo la nyuma limebaki ndani ya kizazi. Ndani ya saa 6 hadi 12 jibu liwe limepatikana: jipu limepasuliwa, usaha wa kifua umetolewa kwa mrija, utumbo uliotoboka kwa taifodi umefika meza ya upasuaji, kizazi kimesafishwa. Kwa mama aliyejifungua au aliyeharibikiwa na mimba, uliza harufu ya uchafu, bonyeza tumbo, angalia kidonda cha upasuaji na matiti. Wodi ikose mashine ya ultrasaundi, mkono wa mkunga mzoefu bado upo.

Hatua ya nane: ratiba ya kurudi kitandani

Saa 6 za mwanzo, kila nusu saa: pumzi, presha, mapigo, oksijeni, ufahamu, kidole. Mkojo kila saa, kwa mrija. Mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30. Andika jina la anayehusika kwa kila zamu, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Wodi ikiwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa 40, mfundishe ndugu kuhesabu pumzi kwa saa ya simu na kumwita muuguzi zikivuka namba mliyokubaliana. Wanafanya vizuri wakielezwa sababu.

Hatua ya tisa: kupunguza na kuacha antibayotiki

Kila asubuhi jiulize kama kila dawa bado ina kazi. Majibu ya kuotesha yakitoka, hamia kwenye dawa inayolenga kimelea hicho tu. Penye prokalsitonini, ikishuka kwa 80% kutoka kilele au chini ya 0.5, na mgonjwa ni mzima machoni pako, unaweza kuacha. Isipokuwepo, siku 7 hutosha kwa maambukizi mengi yaliyodhibitiwa chanzo chake.

Hatua ya kumi: kumruhusu mgonjwa

Wanaopona wengi hubaki na udhaifu wa misuli, kusahau, usingizi mbovu na hofu. Familia zisipoelezwa huita uvivu au kurogwa. Waambie kabla hawajaondoka kwamba nguvu hurudi kwa miezi, na kwamba homa mpya, kupumua haraka au kuchanganyikiwa ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo. Kliniki iwe wiki ya pili na ya sita: pima uzito na presha, rudia kriatinini hasa kwa aliyepata jentamisini, hakikisha mwenye VVU anameza dawa na uchunguzi wa kifua kikuu umekamilika.

Watoto wafuatiliwe kwa karibu zaidi. Uganda, kati ya watoto 1,307 waliolazwa kwa maambukizi, 5.0% walifariki wodini, na kati ya walioruhusiwa, 4.9% walifariki ndani ya miezi 6, wengi wakiwa nje ya hospitali. Kwa hiyo kadi ya mtoto iwe na namba ya simu ya mlezi na ya jirani, mzingo wa mkono wa juu siku ya kuondoka, na tarehe ya simu ya kwanza, isizidi siku 7. Simu isipopokelewa mara mbili, mpe mhudumu wa afya wa jamii jina la kitongoji aende nyumbani.